Shairi la Jukwaani: Nani Mwenye Haki ya Kulichagua?

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule nyingi humpandisha jukwaani mwanafunzi aghani shairi. Mwalimu wa Kiswahili, malenga mkongwe wa pwani na msichana wa kidato cha tatu wanabishana: alichague nani, liwe shairi la namna gani, na liandaliwe vipi?

MWALIMU: Achague mwalimu. Anayepanda jukwaani siku hiyo hajisemei peke yake, anaisemea shule. Mbele yake wamekaa wazazi na mgeni rasmi. Nyuma yao wako wadogo zake wa kidato cha kwanza, na kwa wengi wao hilo ndilo shairi la kwanza kulisikia kutoka kinywani mwa mtu. Mwanafunzi akiachiwa achague, atachukua lililo fupi. Akiona aibu kuchukua fupi, atachukua lile ambalo mwenzake alilighani mwaka jana akashangiliwa. Tena hana pa kuchagulia. Mashairi anayoyajua ni ya vitabu vya mtihani, akina *Wasakatonge*, *Malenga Wapya* na *Mashairi ya Chekacheka*, na hata hayo anayajua kwa dhamira na tamathali. Kwa sauti hayajui.

MWANAFUNZI: Mwalimu ametaja mwenyewe chanzo cha ugonjwa. Darasani shairi ni swali la kujibu: dhamira ni zipi, muundo ni upi, taja tamathali tatu na mifano yake. Mtihani wa mwisho ni wa kalamu na karatasi, hauna pa kughani. Kisha wiki mbili kabla ya sherehe mwanafunzi anaitwa ofisini, anakabidhiwa fotokopi, anaambiwa akariri.

Matokeo yake yanajulikana. Ni ile sauti inayopanda katikati ya mshororo na kushuka mwishoni, ikapanda tena, ikashuka tena, tangu ubeti wa kwanza hadi wa kumi, awe anaghani msiba au harusi. Ukifumba macho huwezi kujua ni mtoto gani, wa shule gani, wala wa mwaka gani. Mtu anayetekeleza agizo ndivyo anavyosikika.

MALENGA: Binti amesema kweli, ila amemkosea mwalimu kidogo. Tatizo la mwalimu ni kwamba anachagua kwa macho. Anatazama kaulimbiu iliyoandikwa kwenye bango, mwaka huu mazingira, mwakani rushwa, mwaka wa tatu UKIMWI, halafu anatafuta shairi lenye kichwa kinachofanana nayo. Hajalitia mdomoni hata mara moja.

Mashairi ya pwani yalizaliwa yakiimbwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kule Unguja mwaka 1880, hakujua kusoma wala kuandika. Tungo zote alizoziimba zilimwingia kwa sikio, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna aliyempa fotokopi. Shairi lichaguliwe kwa sikio: lisomwe kwa sauti, wasikilize watu wawili watatu, waende zao. Lile ambalo baada ya siku tatu bado linawarudia vichwani, ndilo hilo.

MWALIMU: Sikio la nani, Mzee wangu? Sikio la mtoto wa Sumbawanga au Kibondo halikulelewa na kasida za maulidi wala taarabu. Limelelewa na bongofleva na kwaya ya kanisani. Ukimwambia achague kwa sikio, atachagua kinachofanana na anachokisikia kwenye simu. Ndiyo maana mwalimu yupo.

Tuchukue mfano ulio mezani. Binti huyu amependekezewa beti za *Utendi wa Mwana Kupona*. Ni utungo wa mwaka 1858, wa mwanamke wa visiwa vya Lamu, kwa hiyo una umri na una hadhi. Mishororo yake ni mifupi, mizani 8 tu, na kila ubeti unafungwa kwa kina kilekile, jambo linalomsaidia mghani kukariri. Lahaja ni ya kaskazini, lakini maelezo yake yapo vitabuni. Ni mzazi gani atalalamikia chaguo hilo?

MWANAFUNZI: Atalalamika anayetakiwa kulitamka. Utenzi ule ni wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye, Mwana Hashima, na sehemu yake kubwa inafundisha namna ya kumtii na kumridhisha mume. Msichana wa miaka 16 asimame mbele ya wasichana wenzake, ambao shule hiyohiyo inawasihi kila siku wasikatishe masomo kwa ajili ya ndoa, awape mafunzo hayo kwa sauti yake mwenyewe? Darasani atausoma kwa heshima zote na kuujibia maswali. Jukwaani hakuna alama za kunukuu. Msikilizaji anamwona msichana aliye mbele yake, na maneno anayahesabu kuwa ya msichana huyo.

MALENGA: Mjumbe hauawi, mjukuu wangu. Anayeigiza yule mwovu Iago kwenye tamthilia haendi nyumbani akiwa Iago. Mghani ni mjumbe wa mtunzi. Tena binti ameusikia utenzi nusu. Mwanzoni kabisa mama anamwita mwanawe asogee karibu, aje na wino na karatasi. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, amekwisha kufa, na yeye mwenyewe anaumwa. Anajua hana muda. Amri za ndoa umezisikia. Huyo mama anayeaga umemsikia? Zighani beti hizo peke yake, uone kama kuna msichana hapo atakayesinzia.

MWANAFUNZI: Basi Mzee naye amechagua! Utenzi mzima una beti 102. Anayeghani beti 12 za mama kuaga, na anayeghani beti 12 za kumtii mume, wamesoma kitabu kimoja lakini wamepeleka jukwaani mashairi mawili. Kwa hiyo swali la nani achague haliishi kwa kutaja jina la kitabu. Linarudi kwenye kila ubeti unaobaki na kila unaoachwa. Huo ujumbe wa mjumbe unakatwa na nani?

MWALIMU: Na hilo ndilo linalodai mtu mzima. Kukata utenzi ni kazi ya ujuzi. Ubeti mmoja unaweza kuanza sentensi ambayo inamalizikia ubeti wa pili. Mwanafunzi akikata hapo katikati, maana inaning'inia. Ratiba inatoa dakika tano, pengine nne mshereheshaji akiwa amechelewesha mambo. Wanafunzi waliowahi kuachiwa kazi hiyo wamepanda na beti tano za mwanzo kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

MWANAFUNZI: Wafundishwe kukata, basi, badala ya kukatiwa. Lakini tusizunguke. Chaguo la mwanafunzi lipo, na linatoka katika *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Amelisoma shairi lenyewe mara nyingi usiku bwenini. Halina vina wala mizani, na anataka kulisema kama mtu anavyosema jambo linalomuuma.

MALENGA: Tumefika penyewe. Hilo lisomwe, kwa nini lisisomwe? Ila lisiitwe kughaniwa. Ghani ni mahadhi, na mahadhi yanahitaji pa kushikilia: kina cha kati, kina cha mwisho, mizani 8 kwa 8, kibwagizo kinachowarudishia watu neno. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaweka hayo wazi mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi*. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa, na ndiyo tarehe mnayoisherehekea. Sasa mnataka siku hiyo mtu asimame asome maandishi yaliyokatwakatwa vipande, halafu watu wapige makofi kwa kumwonea huruma?

MWANAFUNZI: Sheria ziliandikwa 1954, Mzee. Watu wa pwani walikuwa wakitunga karne kadhaa kabla ya hapo. Ibrahim Noor Shariff, naye mtu wa pwani, katika *Tungo Zetu* ya mwaka 1988 alipinga dai kwamba utungo usio na vina na mizani si wa Waswahili, akarejea tungo za kale zisizoingia kwenye kipimo hicho. Na Mwalimu Nyerere alipotafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963 hakutia vina. Yeye naye alikosa pa kushikilia?

MALENGA: Nyerere huyohuyo, uzeeni, alipotaka Injili iwaingie watu masikioni, alirudi wapi? Kwenye utenzi. *Utenzi wa Enjili* wake ulitoka mwaka 1996, vina na mizani mahali pake. *Julius Caesar* ni mchezo, una waigizaji, majoho na majambia ya kuonyesha. Mghani ana koo lake tu. Na sheria za Amri Abedi hazikuzuliwa mezani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alikuwa akitunga mashairi ya vina na mizani kabla Amri Abedi hajazaliwa. Amri Abedi aliandika kilichokuwa midomoni mwa watu.

Hizo tungo za kale za Shariff, ndiyo, zipo. Lakini nyingi zilikwenda na ngoma, au kazi ya mikono, au sauti ya kuvuta. Zilishikiliwa na kitu. Huyo Kezilahabi wako jukwaani atashikiliwa na nini?

MWANAFUNZI: Na pumzi. Mshairi huru hakati mstari ovyo. Anapoandika mstari wa maneno mawili, kisha mmoja mrefu unaojaza upana wa ukurasa, anamwelekeza msomaji: hapa simama, hapa usivute hewa mpaka mwisho. Mwanafunzi huyu amelinakili shairi lake kwenye daftari na kulitia alama za penseli. Mkwaju mmoja ni nusu pumzi, mikwaju miwili ni kimya cha kuhesabu moja mpaka tatu. Duara linazunguka neno ambalo sauti lazima ishuke badala ya kupanda. Mstari mmoja mrefu ulimshinda mara nyingi; pumzi ilikuwa inakatika kabla ya neno la mwisho, na neno la mwisho ndilo lenye uzito. Ikabidi aanze kuvuta hewa mistari miwili kabla. Hayo si maandalizi?

MALENGA: Ni maandalizi. Sikusema ni mvivu.

MWALIMU: Mgogoro huu una umri mkubwa kuliko binti huyu, na hautamalizwa na sherehe ya asubuhi moja. Kahigi na Mulokozi walipotoa *Mashairi ya Kisasa* mwaka 1973, na *Kichomi* kikafuata, wanamapokeo na wanamabadiliko walijibizana miaka na miaka, hadi Jumanne Mayoka akaiita diwani yake *Mgogoro wa Ushairi*. Shule haiwezi kungoja wapatane.

Swali la mwalimu ni dogo zaidi: nani anasikiliza? Uwanjani wamekaa watu mia kadhaa chini ya turubai, watoto wachanga wanalia, spika moja inakoroma. Shairi la arudhi, lenye vina na mizani, linawasaidia watu hao. Anayekosa neno moja analikisia kutokana na kina. Anayepotea ubeti mzima anarudishwa na kibwagizo, tena ubeti wa tatu anakiitikia. Shairi huru halisubiri mtu. Ukikosa mstari, umekosa. Linafaa darasani penye utulivu.

MWANAFUNZI: Turubai hilohilo limewahi kutulia padre au sheikh alipozungumza taratibu, bila kina hata kimoja. Watu hunyamaza wakiona anayesema anajua anachokisema. Kibwagizo kinaweza kuwaitikisha, kweli, lakini kinaweza pia kuwafanya waitikie bila kusikia beti zilizo katikati.

MALENGA: Hilo la kuitikia bila kusikia linatokana na kughani vibaya, na hapa niruhusiwe kuonyesha. Nitunge mshororo papa hapa: *Bahari imechafuka, mashua yarudi pwani.* Hesabu kwa vidole. Ba-ha-ri i-me-cha-fu-ka, 8. Ma-shu-a ya-ru-di pwa-ni, 8. Mpe mwanafunzi wa leo akariri, umsikilize baada ya siku mbili. Atakuambia "mashua inarudi pwani". Bila kujua ameurekebisha mshororo uwe wa Kiswahili anachokisema kila siku, na mizani imekuwa 9. Akifika hapo mahadhi yanamkwama, anaharakisha ili awahi kina, na wasikilizaji wanahisi amejikwaa ingawa hawajui wapi.

Au ameze ile m ya "mtoto". M-to-to ni mizani 3. Akisema "toto" kwa haraka, kipande kimebaki na 7, kinachechemea. Lakini "mbuzi" ni 2, mbu-zi, kwa hiyo asiende kuihesabu ile m peke yake. Haya hayaonekani kwa macho. Kalamu mkononi, vidole vya mkono wa pili vikihesabu, mshororo kwa mshororo. Shairi la beti 7 la mizani 16 lina mizani 448, na zote zipite vidoleni kabla ya kukariri hata neno moja.

MWALIMU: Mzee ametoa somo ambalo halimo katika vitabu vingi. Lakini ametoa pia sababu ya mwalimu kuchagua. Mwanafunzi atajuaje kwamba shairi alilolipenda lina mitego ya mizani, au kwamba limechapwa vibaya neno likaruka? Akipewa diwani ya Mombasa, atajuaje kwamba "mato" ni macho na "ndoo" ni njoo? Yupo aliyewahi kughani "ndoo" huku akiinua mkono kama anayebeba maji, na waliokuwa wanaelewa wakaangua kicheko.

MWANAFUNZI: Huyo aliyeinua mkono alifundishwa na nani kuinua mkono? Ishara zile ni za mwalimu. Moyo ukitajwa, kiganja kifuani. Mbingu, vidole juu. Nchi, mikono miwili ipanuliwe. Mwanafunzi anakariri shairi na pia anakariri mazoezi ya viungo. Angeachiwa shairi alilolichagua na kulielewa, asingehitaji kubeba ndoo hewani. Mwalimu angemuuliza tu, "Neno hili lina maana gani?" na yeye angekwenda kutafuta.

MALENGA: Katika hilo la mikono naungana na binti moja kwa moja. Waghani wazuri wa mapokeo husimama wima. Mkono ukisogea, umesogezwa na mahadhi. Na kwenye mahadhi kuna ugonjwa mwingine: shule nyingi zina mahadhi ya aina moja tu, hayohayo aliyoyalalamikia binti. Shairi moja linaweza kuingia kwenye mahadhi mengi. La huzuni lina mwendo wake, la mzaha wake, la wosia wake. Mwanafunzi apewe walau matatu, alijaribu shairi lake katika yote, ndipo ashike moja. Akikosa malenga wa kumfundisha, atafute rekodi asikilize.

MWALIMU: Na matamshi? Kuna wanaotamka "dhiki" wakasema "ziki", "ghafla" ikawa "gafla", "thamani" ikawa "samani". Katika mazungumzo ya kawaida inavumilika. Kwenye kipaza sauti kila herufi inakuzwa. Wiki ya kwanza yote ya maandalizi inapaswa kuwa ya herufi hizo tatu, na mwanafunzi anayechagua mwenyewe huwa hataki kusikia habari hiyo. Anataka kufika kwenye hisia.

MWANAFUNZI: Anayelipenda shairi atavumilia hata mwezi mzima wa dh na th. Asiyelipenda ndiye anayesubiri hayo mazoezi yaishe. Lakini kuna jambo ambalo Mwalimu hajaligusa, nalo ndilo kubwa. Watu wazima wanapochagua, mara nyingi wanamchagulia mgeni rasmi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala alieneza ngonjera, na vitabu vya *Ngonjera za UKUTA* vikatoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Zilikuwa na kazi yake, na zilijengwa juu ya majibizano: huyu anauliza, yule anajibu, mjinga anaelimishwa. Tazama kilichobaki mahafalini. Beti mbili za kumkaribisha mgeni, mbili za kumsifu, mbili za kuomba madawati na kisima, moja ya kumtakia safari njema. Mtoto amekuwa risala yenye vina. Akitaka kusema shairi linalouliza swali, anaambiwa siku si yake.

MWALIMU: Madawati yanahitajika. Kuna shule zilizopata madawati kwa ngonjera, na hao wanaozikalia wangeshangaa kusikia kwamba ni aibu. Jambo la pili ni gumu kulisema hadharani, ila lisemwe: shairi likimkera mgeni, anayeitwa ofisini kesho yake ni mwalimu. Mwanafunzi anarudi darasani. Mwenye kubeba lawama ana haki ya kusoma kwanza kinachokwenda kusemwa.

MWANAFUNZI: Kusoma kwanza, sawa. Kushauri, sawa. Kuchagua ni jingine.

MALENGA: Na mimi niwakumbushe wote wawili kitu. Binti anaongea kana kwamba vina ni vya kuombea madawati na shairi huru ndilo la kusema kweli. Abdilatif Abdalla alikuwa na umri wa miaka 22 alipofungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka *Kenya: Twendapi?* Alikaa ndani miaka mitatu, hadi 1972, na humo gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yakawa *Sauti ya Dhiki*, iliyochapwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Vina vipo na mizani ipo. Hata utii wake kwa kanuni ulikuwa namna ya kukataa kuvunjwa. Kama binti anatafuta shairi linalouma, kuna diwani nzima ya mapokeo inamngoja.

MWANAFUNZI: Hapo Mzee amempa mwanafunzi kitabu badala ya kumpa karatasi, na tofauti ni kubwa. Atakisoma. Huenda akakuta humo shairi litakalomshinda Kezilahabi, huenda asikute. Akilikuta, litakuwa limeshinda kwa haki.

MWALIMU: Na asipolikuta?

MWANAFUNZI: Atapanda na Kezilahabi.

MALENGA: Nitakuja kusikiliza. Kiti cha mbele kabisa. Kupiga makofi hilo tutazungumza baadaye.

MWALIMU: Ratiba itaandikwa "kusoma shairi", ili Mzee asikasirikie neno "kughani". Lakini msimamo wa ofisi uko palepale: shairi lililochaguliwa na mwanafunzi lifike mezani kwa mwalimu siku 14 kabla, likiwa zima, likiwa na jina la mtunzi, jina la diwani na alama zote za penseli. Mwalimu atakuwa na haki ya kulikataa, na akilikataa ataandika sababu. Zaidi ya hapo hawezi kurudi nyuma.

MALENGA: Sababu iwe ya sauti. Asiandike "haliendani na kaulimbiu".

MWALIMU: Hilo halikubaliki. Kaulimbiu ni ya taifa zima.

MWANAFUNZI: Basi wanaopanga sherehe za tarehe 7 Julai wasikie ombi moja, hata kama hawa wawili hawatakubaliana kamwe. Mwezi Mei, kabla ya likizo, toeni diwani zote zilizofungiwa kabatini, za arudhi na zisizo za arudhi, ziwekwe juu ya meza moja maktabani. Kila anayetaka jukwaa akae hapo, asome kwa sauti, achague mashairi matatu. Malenga amsikilize, mwalimu amsahihishe dh na th, na moja kati ya hayo matatu liwe lake. Siku ikifika, mshereheshaji atangaze jina la mtunzi kabla ya jina la mghani, na maikrofoni ijaribiwe mapema.